Kisu cha Kengele Mkononi mwa Mvunaji

Kazi ya kuvuna mpunga niliianza Jumanne, tarehe mosi Juni 1954, saa moja kasorobo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto. Juma lililopita nilistaafu. Nina miaka kumi na saba. Najua watu wazima watacheka kusikia msichana wa darasa la kumi anasema amestaafu, lakini sijui neno jingine la kutumia. Misimu minne nimesimama kwenye mstari wa Mama Tekla kila likizo ya katikati ya mwaka. Mwakani ninakwenda mbali kujifunza uuguzi, na likizo za huko hazikutani na mavuno. Basi kazi nimeiacha, nanyi wadogo mnaoingia mstarini nawaandikia haya kwa sababu mbili. Kwanza, mbele za watu sauti yangu hupotea. Pili, nina hasira, na kila nikijaribu kulala nayo inaamka kabla yangu.

Sitaandika nililipwa mafungu mangapi ya mpunga. Kila mvunaji alipata kidogo kuliko alichostahili, na hilo halihitaji kuandikwa.

Siku ile ya kwanza mama ndiye aliyenipeleka. Mama yangu ni mjane. Tuna kipande kidogo cha mpunga karibu na mto, na kinachopungua hapo tunakijazia kwa kuvuna mashamba ya wenye nafasi na kulipwa kwa mpunga. Shamba kubwa kuliko yote ni la Mzee Fulgensi, kwenye njia ya kwenda Kivukoni. Kiongozi wa wavunaji wake alikuwa Mama Tekla, mke wa mvuvi, mzaliwa wa Mofu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu.

"Shikamoo, Mama Tekla," nilisema, nadhani.

"Marahaba. Huyu ndiye msomi wako?" alimwuliza mama.

"Ndiye."

"Mbona anaongea na tumbo lake?"

"Ana aibu."

"Afadhali. Wenye makelele humu ni ndege, nao tunawafukuza."

Akanipa kisu. Kilikuwa kisu kidogo cha mhunzi, bapa lake halizidi urefu wa kidole, limefuliwa kwa chuma cha pipa, na mpini wake ni kipande cha mti kilicholainishwa na mikono ya watu. Nasikia kuna nchi wanavuna mpunga kwa mundu, wanafyeka kama majani ya ng'ombe. Sisi tunakata suke moja moja. Mgeni akituona anadhani tunachezea kazi. Lakini mpunga wa bonde hauivi kwa amri. Suke hili ni la njano, jirani yake bado lina maziwa. Ukifyeka vyote umekula mbegu ya kesho na uji wa leo kwa pamoja.

Kukata kwenyewe nilijifunza kabla ya jua kupanda. Kilichonitesa ni kufunga. Mkono wa kulia unakata, wa kushoto unashika masuke. Ngumi ya kushoto ikijaa, lazima ufunge kicha kwa ukoka au bua, na kufunga kunataka mikono miwili. Kisu utakiweka wapi? Umesimama kwenye maji na tope. Ukikiangusha umekizika. Ukikiweka mdomoni, Mama Tekla anakuuliza kama umekuja kuvuna au kuota meno. Nilikwama hapo siku nzima, mstari ukaniacha nyuma kama mgonjwa.

Jioni akaja akasimama kando yangu.

"We mtoto, paja unalo?"

"Ninalo."

"Basi mbona hulitumii?"

Akanionyesha. Mgongo wa kisu unaubonyeza kwenye paja lako, hivi tu, na kisu kinazunguka chenyewe ndani ya kiganja. Bapa linakwenda kulala nyuma, upande wa kifundo cha mkono. Vidole viwili vya mwisho vinashikilia mpini, vitatu vilivyobaki vinabaki huru kufunga. Ukimaliza, unabonyeza tena na kisu kinarudi. Kufumba na kufumbua. Nilipokosea alinipiga kofi la paja, si la kuumiza, la kuliamsha. "Paja lako limelala," alisema. Msimu wa pili paja langu lilikuwa macho, na mimi mwenyewe sikujua tena kwamba nafanya hivyo. Muulize mvunaji yeyote anageuzaje kisu, atakuambia, "Nageuza tu." Hilo lishikeni, maana hasira yangu yote imetoka hapo.

Msimu wa pili ulikuwa wa mvua iliyochelewa kuondoka. Mpunga ulilala chini, masuke yakaanza kuota yakiwa bado kwenye bua. Kuvuna mpunga uliolala ni kazi ya kuinama mpaka unasahau kwamba mtu ana haki ya kunyooka. Mama Tekla alitufundisha kwenda kinyume na ulikolalia, tuinue kwa mguu kabla ya mkono, na tusivute kamwe, kwa sababu punje zikidondoka majini zinakuwa za samaki. "Na samaki nao ni wa mume wangu," alisema, "kwa hiyo mimi sina hasara. Hasara ni yenu." Ruba walikuwa wengi. Nawaambia ukweli, nililia. Hakuna aliyeniona kwa sababu wote tulikuwa tumelowa.

Sasa nafika kwenye kisu.

Msimu wa tatu, Kosmasi, mkwe wa Mzee Fulgensi, ambaye ana duka hapa Ifakara, alileta visu vya kukunja. Chapa yake ni Kengele. Kengele ndogo imegongwa kwenye bapa, na nyingine kwenye boksi lake jekundu. Mpini ni mweusi, unang'aa kama pembe. Bei yake ilikuwa sawa na doti moja ya kanga mpya na chumvi ya nyumba nzima mpaka Krismasi, wakati kisu cha mhunzi unakipata kwa kuku mmoja aliyechoka. Makarani walivinunua. Walimu walivinunua. Kila mwanamume mwenye suruali ya mifuko alitaka kusikika akifunga kisu chake, tak! mbele ya watu.

Siku ya mwisho ya mavuno yale Mzee Fulgensi akatukusanya ukingoni mwa shamba.

"Mwakani," alisema, "hakuna atakayeingia kwangu na vile vipande vya pipa. Vina kutu, vinakwaruza masuke, vinanichelewesha. Mwakani ni Kengele. Kosmasi atawauzia."

Hakucheka. Hata Kosmasi, aliyesimama nyuma yake, hakucheka. Mtu mmoja ana shamba, mkwe wake ana duka, halafu shamba linagundua kwamba haliwezi kuvunwa bila kitu cha dukani! Nilitazama wanawake wote wamenyamaza, nikawaza: kumbe aibu si ugonjwa wangu peke yangu.

Mwaka huu, 1957, nilirudi likizo nikakuta viboko wamepita kwenye kipande chetu. Hawakula sana. Walilala tu, na kiboko akilala mahali hakuna unachookota. Kwa hiyo chakula chetu cha mwaka kilikuwa kwenye shamba la Mzee Fulgensi, hakikuwa mahali pengine popote. Mama alikuwa na doti moja ya kanga, mpya, haijakatwa wala kushonwa pindo, aliyopewa na kaka yake kwa ajili ya sikukuu. Alinionyesha usiku wa kwanza.

"Kosmasi anasema ataipokea, na kuku wawili juu yake. Wewe umesoma. Niambie, kisu kile kinafaa?"

"Ngoja nikakione, mama."

Nilikwenda dukani. Kosmasi ni mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuchoka na mnunuzi. Akakifungua kwa kucha ya kidole gumba, akakata karatasi ya kufungia sukari. Ikaachana vipande viwili kama maji.

"Umeona?"

Nilitaka kumwambia sisi hatuvuni karatasi. Nilisema, "Nimeona."

"Springi yake inauma kama mamba. Ikishafunguka, imefunguka. Mwambie mama yako asichelewe, vinaisha."

"Naomba nikajaribu kwenye mpunga."

"Kikishagusa tope ni chako, dada."

Basi nilirudi bila jibu, nikamwomba mama asubiri siku moja tu. Binti wa shangazi yangu, Eufrasia, alikuwa amekwisha nunua chake. Eufrasia ni mkubwa kwangu kidogo, mkono wake ndio mwepesi kuliko wote mstarini, na ana ukindu wa kusukia mikeka ya arusi yake umejaa nyumba. Nikasema nitaingia naye, nibebe vicha vyake, nikitazame kisu kikifanya kazi.

Siku ya kuingia shambani, Mzee Fulgensi alisimama ukingoni na kiti chake. Kila mwanamke alinyoosha mkono kuonyesha kisu, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Waliokuwa na Kengele walipita. Wasiokuwa nayo walikaa pembeni kwenye nyasi, mama yangu mmoja wao, Mama Tekla naye mmoja wao, yeye aliyeliongoza shamba lile tangu sijazaliwa.

"Mzee, mimi nimechelewa kuelewa," Mama Tekla alimwambia. "Mpunga wako ndio uliolalamika, au nani?"

"Tekla, nunua kisu."

"Nitanunua. Nikikosa cha kukata nitamkata Kosmasi."

Wanawake walicheka, Mzee hakucheka, nasi tukaingia, mimi kama mbebaji wa vicha tu.

Nitasema haki yake, maana hasira isitufanye waongo. Kisu cha Kengele ni kikali. Chuma chake ni kizuri. Eufrasia alikata bila kukinoa mpaka jua lilipokuwa juu, wakati vyetu vinataka jiwe kila baada ya muda mfupi. Tope lilikuwa limeanza kujaa kwenye mkunjo, na ilibidi akifungue kwa mikono yote miwili kila alipokuwa amekikunja ili afunge kicha, lakini hayo angeyazoea. Alikuwa anaimba. Nikawa nimekwisha panga maneno ya kumwambia mama: kinunue.

Ngumi yake ya kushoto ikajaa tena. Safari hii wimbo ulimsahaulisha kukikunja, akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akabonyeza mgongo wa kisu kwenye paja.

Kisu cha mhunzi kingezunguka. Kengele haikuzunguka. Ilijifunga. Bapa lote likarudi kwenye mpini, na baina yake na mpini vilikuwepo vidole vya Eufrasia.

Hakupiga kelele. Alisema, "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu. Masuke yakaanguka majini. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekatika upande wa ndani, cha shahada mpaka kwenye kitu cheupe ambacho sitaki kukiandika. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamshika, tukatoka.

Mzee Fulgensi alitazama mkono ule.

"Alikishika vibaya," alisema.

Hakusema pole. Wasomaji wangu, katika nchi hii mtu akijikwaa njiani, hata mpita njia asiyemjua humwambia pole. Mzee huyu alitazama damu ya mtoto wa watu ikidondoka kwenye nyasi zake akasema alikishika vibaya.

Wakati wengine wanampeleka Eufrasia kwa masista akashonwe, mimi nilibaki nimesimama mbele ya kiti kile. Sijui nani aliyekuwa anaongea, nadhani ni mimi.

"Mzee, hakukishika vibaya. Alikigeuza. Sisi tunageuza kisu pajani. Hiki kikibonyezwa mgongo kinajifunga."

"Kinageuzwa ya nini?"

"Ya kufungia kicha."

"Lete kapu hapa."

Akachukua kisu chake mwenyewe cha Kengele kutoka mfukoni, akakifungua, tak! akaingia hatua chache shambani na viatu vyake. Akakata suke, akalitia kwenye kapu. Akakata jingine, akalitia kwenye kapu. Akakata mengi, moja moja, amesimama wima kama anayechuma maua ya altare. Halafu akatuonyesha vidole vyake vyote, vizima.

"Mnaona?"

Na wanawake wakaona! Wengine waliitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema kwamba hajafunga hata kicha kimoja, kwamba kazi yenyewe hajaifanya, kwamba hata mtoto anaweza kutia masuke kwenye kapu. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakakaa. Macho yote yalikuwa yananitazama, na mimi nikikodolewa macho ninakuwa kama kuku aliyefungwa miguu. Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Jioni mama alikuwa anaikunja ile kanga. Aliikunja taratibu, kingo kwa kingo.

"Mama, usinunue. Umeona mkono wa Eufrasia."

"Nimeuona. Mimi nitakumbuka kutobonyeza."

"Eufrasia naye angekumbuka kama mkono ungemwuliza kwanza. Mkono hauulizi."

"Basi niambie tutakula nini, mwanangu. Nyasi za viboko?"

Akaiweka kanga kando ya mlango.

"Kesho asubuhi nakwenda kwa Kosmasi," alisema. "Kidole ni changu mimi. Njaa ni yetu wote."

Ndipo nilipokasirika kweli, kuliko mchana. Mchana nilimkasirikia Mzee. Usiku nililikasirikia jambo lenyewe: kwamba mama yangu alikuwa amekwisha kaa akapima vidole vyake kwa mpunga, akaona bei ni nafuu. Nani amempa mtu haki ya kumfikisha mwenzake kwenye mizani ya namna hiyo?

Kabla sijaendelea niwape shauri langu la kazi, ninyi wadogo, maana mtaulizwa na mama zenu kama nilivyoulizwa. Kisu cha Kengele kinafaa? Kwa karani wa kuchonga penseli, ndiyo, anunue, ajifurahishe. Kwa mtu wa kumenya machungwa, ndiyo. Kwa mvuvi sijui. Magamba yatamsumbua kwenye mkunjo. Kwa mvunaji wa bonde hili, hapana, hata wakikupa bure, hata wakikuongezea kanga. Ubora wa kisu hauko kwenye chuma peke yake, uko pia kwenye kazi itakayokishika, na waliokitengeneza kile hawajapata kumwona mwanamke wa Ifakara akifunga kicha. Wao siwalaumu. Nawalaumu walio hapa, wanaotuona kila mwaka, na bado hawajatutazama.

Asubuhi yake niliamka kabla ya mama. Nilipitia ukingo wa shamba, nikachuma masuke ya kujaza ngumi na zaidi, pamoja na ukoka wa kufungia, nikaenda nyumbani kwa Mzee Fulgensi. Nilimkuta barazani anakunywa chai na mkewe, Mama Maria. Mama Maria ni mwanamke wa kijiji cha Mbingu, aliyevuna mpunga miaka mingi kabla ya kuolewa na mwenye shamba. Kisu cha Kengele kilikuwa mezani, kando ya mkate.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walisema wote wawili, na Mzee akaongeza, "Tena?"

Sikumwangalia usoni. Nilitazama sahani. Nadhani ndiyo maana niliweza.

"Naomba ushike haya kwa mkono wa kushoto, Mzee. Haya. Kisu mkono wa kulia. Sasa naomba ufunge kicha. Kisu usikiweke chini, chini ni maji, wala usikikunje, mkunjo umejaa tope."

Mzee alicheka kidogo, akakifungua. Akashika masuke. Akaanza kufunga. Bapa likawa linamjia usoni, likamjia kwenye kifundo, akashindwa. Akajaribu tena. Punje zikamwagika kwenye chai yake.

"Kigeuze, Baba Maria," mkewe alisema. Alikuwa ameacha kunywa. "Kigeuze pajani kama tunavyofanya."

Mzee akashusha mkono mpaka kwenye paja. Mgongo wa kisu uligusa suruali. Akautazama ukali wa bapa, akavitazama vidole vyake vilivyouzunguka mpini, vinne, vinene, visivyo na kovu.

"Bonyeza," alisema Mama Maria.

Hakubonyeza.

"Bonyeza, baba. Si unakishika vizuri?"

Mwishowe Mzee Fulgensi akakiweka kisu mezani kikiwa wazi, akaanza kuokota punje kwenye chai kwa kijiko.

"Mwambie Tekla aingie na anachotaka," alisema. "Na wenzake."

"Na Eufrasia?" aliuliza mkewe.

Mzee aliendelea kuokota punje. Pole haikutoka hata siku ile, wala haijatoka mpaka leo ninapoandika, na kidole cha shahada cha Eufrasia bado hakipindi. Mikeka yake ya arusi anamalizia shangazi. Lakini sikukaa kuisubiri. Niliaga, nikatoka uani, nikakimbia kuelekea dukani, mimi ambaye huona haya hata kutembea haraka mbele za watu.

Nilimkuta mama njiani, karibu kabisa na mlango wa Kosmasi, kanga chini ya kwapa, kuku wawili wananing'inia mkononi vichwa chini. Nilikuwa natweta, sikuweza kueleza. Nikaichukua ile kanga, nikaikunjua pale pale barabarani, nikamfunga mabegani.

"Hii ni ya sikukuu," mama alisema.

"Ivae, mama. Twende shambani."